Mwalimu wa Kwaya Anajibu: Bach, Mjapani, na neno linalotangulia nota

Wapendwa wasomaji, mwezi uliopita nilimtaja kwa sentensi mbili tu Masaaki Suzuki, yule mwongozaji wa Japani anayeimbisha muziki wa kanisa wa enzi ya baroko, yaani ule wa miaka ya 1600 mpaka kama 1750 hivi, wa watunzi kama Bach na Handel. Kiukweli sikutegemea, barua zimejaa! Nimechagua sita, salamu nimezipunguza ili tupate nafasi, na kuna moja nimejibu kirefu kuliko nyingine zote kwa sababu inanigusa mwenyewe.

Shikamoo mwalimu. Nafundisha kwaya ya usharika huku Marangu. Vijana wangu wamenionyesha kwenye simu video za Bach, anayeongoza ni Mjapani na waimbaji wengi ni Wajapani, wanaimba Kijerumani. Mimi nikawaambia huu muziki ni wa Wajerumani wenyewe, wengine wote tunaiga tu. Kijana mmoja akaniuliza, mwalimu, kwa hiyo huyu naye anaiga? Nikakosa jibu.

Marahaba mwalimu mwenzangu. Huyo kijana mpe maua yake, maana swali lake ndilo Suzuki mwenyewe aliulizwa miaka mingi na akalijibu kwa maandishi.

Suzuki kazaliwa Kobe mwaka 1954, wazazi wake Wakristo, na akiwa na miaka 12 tayari alikuwa anapiga kinanda kwenye ibada. Fikiria nchi ambayo Wakristo ni kama mmoja katika watu mia, halafu mtoto anakulia kwenye kinanda cha kanisa. Akasoma muziki Tokyo, akaenda Amsterdam kusoma kwa Ton Koopman na Piet Kee, akarudi nyumbani, na mwaka 1990 akaanzisha kundi lake, Bach Collegium Japan. Mwaka 1995 wakaanza kurekodi kantata zote za kanisa za Bach (kantata ni utunzi wa ibada wenye vipande kadhaa, vya waimbaji na vyombo), na mahali walipochagua ni kanisa dogo la chuo kimoja hapo hapo Kobe, Juni ya mwaka huo, miezi mitano tu baada ya lile tetemeko la tarehe 17 Januari lililoua watu zaidi ya 6000 kwenye eneo hilo. Kazi ikaisha 2013, sidii 55. Miaka 18 mtu anafanya kitu kimoja!

Sasa kwenye sidii ya kwanza kabisa ndipo alipoandika jibu. Kwa maneno yangu mimi ni hivi: Mungu ambaye Bach alimtumikia na Mungu ninayemwabudu mimi leo ni huyo huyo, na mbele zake hiyo miaka mia mbili na ushee kati yetu si kitu. Tena anasema yeye na Bach wote wawili ni wageni kwa kabila la Israeli, hakuna aliyezaliwa ndani ya hadithi ya Biblia, wote wameingizwa. Halafu anauliza, nani yuko karibu zaidi na roho ya Bach, Mzungu asiyeingia kanisani ambaye Ukristo kwake umebaki kama desturi ya babu, au mtu wa Asia anayeishi imani hiyo kila siku hata kama nchi yake haiijui?

Nilivyosoma hayo mara ya kwanza niliweka karatasi chini nikakaa kimya, maana nilikuwa nawaza habari zetu. Wewe upo Marangu, unajua kwamba wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na Leipzig ndio mji ambao Bach alifanya kazi kuanzia 1723 mpaka alipokufa 1750, miaka 27 mji mmoja. Zile tuni za zamani za Kilutheri zilizomo kitabuni mwenu, nyingi Bach hakuzitunga yeye, alizikuta kanisani kama wewe ulivyozikuta, watu wanaziimba tangu utoto, akazijengea nyumba. Ule wimbo wa Luther wa Mungu kuwa ngome yetu ameufanyia kantata nzima, namba 80. Kwa hiyo waambie vijana kwamba wao wanaingia kwa Bach kwa mlango wa tuni, na huo mlango Wajerumani wengi wa leo wasioenda kanisani hawana.

Ila usiishie hapo, maana kuzaliwa ndani ya tuni hakutoshi. Kinachomfanya Suzuki asiwe anaiga ni kazi, na kazi yake inaanzia kwenye maneno. Kijapani karibu kila silabi inaishia na vokali kama Kiswahili chetu, na Kijerumani kinapenda konsonanti zilizobanana mwishoni. Neno la msalaba, "Kreuz", Mjapani ulimi unataka kusema "kuroitsu" na Mswahili unataka kusema "kroitsi", ni jambo lile lile. Ndiyo maana nikisikia jinsi kwaya yake inavyozitamka zile "z" na "t" na "st" zote kwa pamoja kama mtu mmoja, najua pale pametumika masaa mengi ya maneno kabla ya nota. Na hilo, mwalimu, ndilo nitakalorudia kwa kila barua ya leo: neno kwanza, nota baadaye. Mazoezi ya kwanza ya wimbo mpya usiwagawie sauti. Wasomee maneno, wasome wao, waulize yana maana gani.

Mambo mwalimu, mimi ni alto hapa Nairobi. Kwaya yetu tuko karibu watu themanini na kila Pasaka tunaimba Haleluya ya Handel. Sasa kuna mwalimu mpya ameingia anasema tupunguzwe tubaki kumi na sita ndio iwe baroko ya ukweli. Watu wameumia sana, wengine wameacha kuja mazoezi. Ni kweli Bach alikuwa na watu kumi na sita tu?

Poa dada. Hiyo namba mwalimu wenu hakuitoa hewani. Tarehe 23 Agosti 1730 Bach aliandikia baraza la mji wa Leipzig barua ya kuomba, akieleza muziki wa kanisa unahitaji nini. Akasema kila kwaya iwe na watu 12 kwa uchache, watatu kila sauti, ili mmoja akiugua kazi isisimame, na ikiwezekana wawe 16, wanne wanne. Kwenye barua hiyo hiyo akawahesabu vijana wa shule ya Mt. Thomas aliokuwa nao: 17 wanafaa, 20 bado, na 17 hawafai kabisa. Sasa ona, huyo ndiye Bach tunayemwona leo kama mlima, analia na kwaya kama wewe na mimi! Hiyo barua ni ya mtu aliyechoka, anaomba watu zaidi, sio mtu anayefukuza watu.

Halafu mwaka 1981 akatokea Mmarekani Joshua Rifkin akasema hapana, ukitazama karatasi zenyewe walizosomea waimbaji, mara nyingi ipo nakala moja tu kwa kila sauti, kwa hiyo Bach alikuwa anaimbisha mtu mmoja mmoja kila sauti, wanne basi, hao 12 au 16 ni wa kupokezana zamu. Kukawa na ugomvi mkubwa wa kitaalamu na haujaisha mpaka leo. Suzuki yeye kwa kantata anatumia kama watatu au wanne au watano kila sauti, na wale wanaoimba peke yao wanatoka humo humo kwenye mstari, hawakai viti vya mbele kama wageni wa heshima. Hilo lina ushahidi, kwenye karatasi za Mateso kadiri ya Mathayo, utunzi wa Bach wa habari za mateso ya Yesu, yule mwimbaji wa tenori (sauti ya juu ya wanaume) anayesimulia kama Mwinjilisti, karatasi yake ina sehemu za kwaya pia, yaani akimaliza kusimulia anarudi kuimba na wenzake.

Handel naye? Masihi, utunzi wake wenye hiyo Haleluya yenu, ilivyoimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742 waimbaji walikuwa kama thelathini na kitu hivi, kutoka kwaya za makanisa makuu mawili ya mji. Makundi makubwa yamekuja baadaye. Mwaka 1784 London walikusanyika zaidi ya 500 ukichanganya na wapiga vyombo, na 1857 kwenye jumba la Crystal Palace waimbaji walifika kama 2000. Kwa hiyo kwaya yenu ya themanini nayo ina ukoo wake, sio kitu cha aibu.

Mimi maoni yangu, na nayasema kwa moyo wote, mwalimu anayevunja kwaya ya kanisa ili apate sauti nyembamba ya kwenye rekodi ameuelewa muziki huu nusu. Idadi ndogo ilikuwa na faida moja kubwa, kila mtu alibeba neno, hapakuwa na pa kujificha. Basi hiyo faida itafuteni na watu themanini. Gawanyeni. Pale kwenye "kwa kuwa Bwana Mungu wetu Mwenyezi amemiliki" imbeni wote, pale sauti zinapoanza kufukuzana waachieni watu ishirini wenye pumzi nyepesi, na pale kwenye "Mfalme wa wafalme" muanze kidogo na kuongezeka kila sauti inapopanda. Wiki ijayo wengine wakae hiyo nafasi ya ishirini. Nenda umwambie mwalimu wenu kwa upole, na waliokasirika wapigie simu, warudi.

Mwalimu, ni lazima kusimama kwenye Haleluya? Kwetu Dodoma mzee wa kanisa amesema asiyesimama hana heshima kwa sababu mfalme wa Uingereza alisimama.

Hiyo ya mfalme ni hadithi inayopendwa lakini haina miguu. Inasemwa ilikuwa London 1743, ila wa wakati ule hakuna aliyeandika kwamba alimwona, habari inajitokeza kwenye barua ya mwaka 1780, miaka 37 imepita. Kama mnasimama simameni kwa ajili ya maneno yenyewe, yametoka Ufunuo 19 na 11, yanatosha.

Habari mwalimu, niko Mombasa. Kanisani tuna kinanda cha umeme kimoja na gitaa la besi basi. Nasoma kwamba hawa wa baroko wanatumia nyuzi za utumbo wa mnyama, tarumbeta zisizo na vifungo, na sauti yao iko chini, 415. Bila hivyo tunajisumbua bure?

Hamjisumbui. Ngoja nieleze hivyo vitu ni vya kazi gani halafu utaona wewe mwenyewe mna nini.

Uzi wa utumbo na ule upinde wa zamani vina tabia moja, sauti inaanza na inakufa yenyewe, haivutiki ndefu na nzito kama uzi wa chuma. Yaani fidla inapumua kati ya silabi na silabi. Tarumbeta isiyo na vifungo (vifungo vimekuja miaka ya 1810 na kuendelea, Bach ameshakufa zamani) haizibi waimbaji, inang'aa juu yao. Kwa hiyo mwimbaji hahitaji kupiga kelele na neno linasikika. Nikolaus Harnoncourt, Mwaustria aliyeanzisha kundi lake la vyombo vya zamani Vienna mwaka 1953 na baadaye akarekodi kantata hizi zote pamoja na Gustav Leonhardt, alikuwa akisema muziki wa kabla ya kama mwaka 1800 unaongea, na wa baada ya hapo unachora picha. Mimi sijapata sentensi iliyonisaidia kazini kuliko hiyo. Ukiwa unaongea huwezi kubonyeza kila silabi sawasawa, kuna silabi nzito na kuna nyepesi. Basi mwambie mpiga kinanda wako asiweke ile sauti ya nyuzi ndefu inayojaa kama maji, aweke ya kinanda cha kanisa nyembamba, na anyanyue vidole.

Na gitaa la besi mmebarikiwa jamani! Muziki wote wa baroko umekaa juu ya besi inayotembea pamoja na mtu wa kinanda anayejaza sauti za kati mwenyewe kutoka kichwani, Bach alimwandikia besi na vinamba tu juu yake. Nyinyi mpiga kinanda wenu kila Jumapili si ndivyo anavyofanya, anasikia besi anajaza? Huyo ana shule ya baroko bila kujua.

Kuhusu 415, hiyo ni kwamba nota yao ya "la" iko karibu nusu sauti chini ya "la" ya leo ya 440. Sisi tunaosoma solfa hatuna shida kabisa, do inahama popote unapotaka. Shusha nusu sauti, soprano wako watakushukuru, na hakuna atakayekuuliza cheti.

Mwalimu naomba mwongozo. Kwaya yetu Dar tumepata wazo la kuimba vipande vya Mateso ya Mathayo ya Bach Ijumaa Kuu ijayo. Ubishi ni lugha. Wengine wanasema Kijerumani ndio heshima kwa Bach, wengine wanasema ibada ni Kiswahili tusiwaletee watu mambo wasiyoelewa. Na tempo je, rekodi moja inaenda mbio nyingine inaburuta.

Hii ndiyo barua niliyosema inanigusa, kwa sababu ubishi huu nimeishi nao miaka na nimebadilisha msimamo mara mbili.

Anza na jambo moja, Mateso haya hayakutungwa kwa ajili ya konsati. Yaliimbwa Ijumaa Kuu, ibada ya mchana, kanisa la Mt. Thomas, mara ya kwanza tarehe 11 Aprili 1727 kadiri wataalamu wanavyokubaliana leo, sehemu ya kwanza, halafu mahubiri, halafu sehemu ya pili. Waimbaji walikuwa juu roshani, sio mbele ya watu kama kwenye konsati.  Na kwa kantata za kila Jumapili maneno yalichapwa vijitabu, watu wakawa wanafuata. Tokyo nako Suzuki anaimbisha Kijerumani na watu wanafuata maneno kwenye tafsiri ya Kijapani. Unaona, njia zote mbili zinataka kitu kimoja, mtu aliyekaa kwenye benchi ajue nini kinasemwa sasa hivi.

Angalia mahali pamoja ambapo mimi huwa nashindwa kuvumilia. Ni Mathayo 26, Yesu amesema mmoja wenu atanisaliti, wanafunzi wanauliza mmoja mmoja, "Ni mimi, Bwana?" Bach ameiandika fupi sana, sekunde chache, sauti zinagongana, na ukihesabu neno "Herr", yaani Bwana, linatokea mara kumi na moja. Wanafunzi ni kumi na wawili. Yuda hajauliza bado. Halafu kabla Yesu hajajibu, inaingia koralo, tuni ya kanisani ambayo Mlutheri yeyote anaijua, na kusanyiko zima kupitia kwaya linasema, ni mimi, mimi ndiye niliyestahili kutubishwa. Hilo ndilo jibu la swali. Sio Yuda, ni mimi niliyekaa kwenye benchi na nguo zangu za Ijumaa Kuu. Sasa niambie, mtu asiyejua Kijerumani na hana karatasi mkononi atapata nini hapo? Atasikia sauti nzuri tu, na atarudi nyumbani hajaulizwa swali.

Na kuna nyingine, kila Yesu anapoongea nyuzi zinamzunguka na sauti ndefu laini, kama mwanga. Unazoea. Halafu msalabani, "Eli, Eli, lama sabakthani", zile nyuzi hazipo. Zimeondoka. Mwongozaji asiyejua maneno hapo atapita kama mstari mwingine, na anayejua hata hatahitaji kufanya kitu, atasimama tu aache ule upweke usikike.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu na najua utawaudhi wa pande zote. Zile koralo imbeni Kiswahili, bila ubishi, na kusanyiko likiijua tuni waambieni waimbe pia, ni zao. Maneno ya Mwinjilisti na ya Yesu, ambayo ni Biblia yenyewe, ningesema Kiswahili pia, ila msijaribu kubandika maneno ya Biblia juu ya nota za Kijerumani kama stika, kaeni chini mbadilishe mapigo yafuate Kiswahili. Ile kwaya kubwa ya kuanza iacheni Kijerumani, kama na ikiwa tu kila mwimbaji anaweza kukuambia neno kwa neno maana yake. Wiki mbili nzima za maneno.

Nawasisitiza kwenye kubandika kwa sababu ndio kidonda cha nyimbo zetu nyingi zilizotafsiriwa. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, mwo-KO-zi, m-sa-LA-ba. Tuni ya Kijerumani ikianza na pigo zito na wewe ukaweka "mwokozi" hapo, "mwo" inabebeshwa mzigo wa "ko", na tunaimba miaka mia hatusikii tena kwamba tumeupinda. Mbaya zaidi ni zile nota nyingi zinazokimbia kwenye silabi moja, mtunzi ameziweka kwenye neno la furaha au la machozi, tafsiri ikishasogeza maneno unakuta mbio zote zile zimeangukia "na" au "ya". Mateso kama hayo kwa neno dogo lisilo na kosa! Sogezeni maneno mpaka mbio ziangukie neno lenye moyo. Na hata kile kifungu cha "Ni mimi, Bwana?" Kijerumani "Herr" iko mbele na Biblia yetu "Bwana" iko mwisho, sawa, wekeni "Bwana, ni mimi?" ila hizo mara kumi na moja zisipotee hata moja.

Tempo nitaijibu haraka. Someni mstari kwa sauti kama mnavyomweleza mtu jambo la kweli, pigeni mguu, hiyo ndiyo tempo yenu kwa ukumbi wenu. Kanisa lenye mwangwi punguzeni, chumba kikavu ongezeni. Zile rekodi za zamani zinazoburuta ziliogopa kwamba utakatifu ni upole, na baadhi ya hizi mpya zinaogopa kuchosha watu. Kwaya ya mwisho ya Mateso ni ya kumlaza Yesu kaburini na ina mwendo wa taratibu unaoyumba wa tatu tatu kama mtu anayebembeleza mtoto. Ukimbembeleza mtoto mbio halali, na ukisimama analia.

Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni Muislamu, mzaliwa wa Zanzibar, niko Muscat miaka kumi na tano sasa. Nisikufiche, nasikiliza sana huyu Bach usiku nikitoka kazini, nikianza na za vinanda sasa nimefika kwenye hizi za kanisa, na siamini wanachoamini. Kinachonishika ni vile neno linavyotunzwa, kama sisi kwenye tajwidi, zile kanuni za kusoma Qurani, huwezi kurefusha popote unapojisikia, neno ndilo linalosema. Je mtu asiyeamini anaweza kuusikia kweli huu muziki? Na mwongozaji asiyeamini anaweza kuuongoza?

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umenifundisha kitu na huo mfano wa tajwidi, nitaubeba mazoezini kwa idhini yako. Mambo ya kusikiliza au kutosikiliza upande wa dini yako waulize masheikh wako, mimi sina ruhusa hiyo. Nitajibu ya muziki.

Kwanza, wengi wanaojaza ukumbi Tokyo kumsikiliza Suzuki si Wakristo. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba baada ya konsati watu humfuata kuuliza habari za kifo, jambo ambalo kwao halizungumzwi hadharani, na kuuliza hili neno la Kikristo la tumaini maana yake nini. Anasema Kijapani kinapata shida hapo, lipo neno la kutamani na lipo neno la kitu unachokitaka usichoweza kukifikia, ila lile tumaini la mtu anayekufa akiwa ametulia, hapana. Nikawaza Kiswahili chetu. Sisi tunalo tumaini, na tunayo tamaa, na ajabu ni kwamba tunapolia tunasema nimekata tamaa, hatusemi nimekata tumaini. Kama vile tamaa inakatika na tumaini halikatiki. Sijui kama wazee waliokitengeneza Kiswahili walikusudia hivyo, mimi nimekaa nalo hilo neno wiki nzima.

Mwongozaji asiyeamini: Suzuki kwa upande wake hatenganishi, kwake kuongoza kantata na kuabudu vimeshikana. Bach naye alikuwa hivyo, anaanza karatasi na herufi J.J., Yesu nisaidie, anamaliza na S.D.G., utukufu kwa Mungu peke yake. Kwenye Biblia yake ya ufafanuzi, ambayo leo ipo St. Louis Marekani, pembeni ya 2 Mambo ya Nyakati 5:13, pale waimbaji na wapiga tarumbeta wanakuwa kama sauti moja na nyumba ikajaa wingu, ameandika kwa mkono wake kwamba panapokuwa na muziki wa uchaji Mungu yupo daima na neema yake. Hakuandika panapokuwa na waimbaji wazuri, wala hakuandika panapokuwa na watu wa dhehebu lake. Mimi nimewahi kuimba chini ya mwongozaji ambaye hakuwa mtu wa kanisa kabisa, na alitukalisha dakika ishirini tunasoma Zaburi kwa sauti kabla hajaruhusu nota moja, na nimeimba chini ya waumini wazuri sana ambao hawakuwahi kutuuliza maneno yana maana gani. Kwa hiyo nasema imani inasaidia, kwangu inasaidia sana, ila asiyeamini akiliheshimu neno kama unavyoliheshimu wewe, muziki haumfungii mlango.

Kama bado hujaisikia, tafuta kantata namba 106, Bach aliitunga akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ya mazishi, filimbi mbili, viola da gamba mbili (vyombo vya nyuzi vya zamani vinavyoshikwa kati ya magoti), na besi na kinanda, basi. Suzuki ameirekodi kwenye sidii ya pili. Katikati sauti za chini zinarudia sheria ya kale, mwanadamu huna budi kufa, nzito, zinapokezana, na juu yake soprano anaimba peke yake akimwita Yesu aje. Zile nzito zinaacha moja baada ya nyingine, vyombo navyo vinaacha, anabaki soprano peke yake bila kitu chini yake, halafu naye anakoma. Baada yake Bach ameandika kipande cha kimya kitupu. Ukifika hapo usidhani rekodi imekata.